Goti la Mkamuaji

Kila asubuhi kabla ya chai mimi huchuchumaa mara kumi, nikiwa nimeshika nguzo ya mlango wa jikoni. Wajukuu wananihesabia kwa sauti. Wakifika saba wanaanza kucheka, kwa sababu hapo ndipo goti langu la kulia huanza kulia, na nikiwakaripia wanazidi. Wacha wacheke. Goti hilo limemlisha nyanya yao, limewalisha baba zao na mashangazi zao, na baada ya Mungu kuna mtu mmoja tu ninayemshukuru kwa ajili yake. Hakuwa daktari. Alikuwa dresa mfupi, msaidizi wa hospitali, aliyetoka upande wa magharibi, mwenye kaptula ya jeshi iliyopauka, na maswali yake yalizidi ya karani wa kuandikisha vipande vya kazi. Nilipompelekea kibuyu cha maziwa lala ili nimshukuru, niliambiwa amehamishwa, wala hakuna aliyejua ni wapi. Basi namshukuru hapa.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita ya pili ya dunia. Nilikuwa mkamuaji kwenye shamba la Kaburu mmoja upande wa Ainabkoi. Kutoka huko hadi Eldoret, mji ambao sisi tuliuita Sisibo, ni mwendo wa siku nzima kwa gari la ng'ombe, ingawa mwenye bahati alipanda treni. Mkamuaji alikuwa mtu wa heshima. Watu wengine shambani walifanya kazi ya kipimo: asubuhi nyapara anakupimia sehemu yako ya kupalilia kwa fimbo, ukimaliza saa nne unaenda zako, ukimaliza jioni shauri yako. Nami nilianza hivyo, na nilisifika kwa kumaliza mapema. Baadaye nikapandishwa, nikaingia banda la kukamulia, nikaanza kujiona.

Kuishi pale kulikuwa na sharti moja. Ukifanya kazi, unapewa mahali pa kujenga, kashamba ka mahindi, na ruhusa ya kulisha mifugo yako. Usipofanya kazi, unahama na kila kitu chako. Mimi nilikuwa na mke, watoto wawili, na ng'ombe ambao sitataja idadi yao, kwa sababu kwetu mifugo ya mtu haihesabiwi kwa mdomo. Mahali pengine pa kuwapeleka sikuwa napo. Baba yangu alizikwa shamba hilohilo.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi na ukungu vimetanda, ng'ombe mmoja mwekundu alinivunja mguu. Nilikuwa nimechuchumaa kama kawaida yetu, ndoo katikati ya magoti, paji la uso limeegemea ubavu wake. Alipiga teke, nikaanguka chali kwenye mawe ya sakafu, naye akanikanyaga chini kidogo ya goti la kulia. Niliusikia mfupa ukivunjika. Wenzangu wakanibeba, wakanilaza kwenye gari katikati ya mikebe ya maziwa, na njia nzima hadi stesheni nilimwambia kila mtu kwamba ng'ombe yule ameingiwa na wazimu. Hayo maneno ya wazimu nitayarudia baadaye.

Huko Eldoret nilifungwa plasta kutoka pajani hadi kwenye kifundo cha mguu, nikakaa nayo wiki nyingi. Siku moja mwenye shamba alikuja mjini kununua vipuri vya trekta, akapita wodini kuniona. Alisimama miguuni pa kitanda na kofia yake mkononi.

"Wewe nafanya kazi mzuri siku mingi," akaniambia. "Lakini mimi hapana weza weka mtu hapana fanya kazi. Siku ngano nakwisha katwa, wewe nakuja kamua ng'ombe mbele yangu. Kama hapana weza, chukua bibi, chukua watoto, chukua ng'ombe yote, hama."

Hakusema kwa ubaya, na aliniachia tumbaku. Lakini alipotoka sikuweza hata kuifungua hiyo tumbaku. Nilijua ngano ya pale hukatwa lini. Ilikuwa bado kijani, ila ngano haimngoji mtu.

Plasta ilipokatwa, nilidhani nitasimama niondoke. Mguu uliotoka mle ndani sikuutambua. Ulikuwa mwembamba, ngozi imebabuka, na goti lilikataa kukunja. Nilijaribu kwa nguvu zangu zote, likasogea upana wa kidole, basi. Daktari alisema mfupa umeunga vizuri, sasa kazi imebaki kwa yule dresa wa mwisho wa baraza. Wagonjwa walimwita Fundi.

Fundi alikuwa amebeba majeruhi vitani Burma, na kwenye hospitali ya jeshi alifundishwa namna ya kurudisha viungo vya watu kazini. Chumba chake kilikuwa na benchi moja, kamba iliyoning'inia darini, na vifuko vya mchanga alivyovipasha moto kwenye jiko. Siku ya kwanza nilimkuta na mtu wa reli aliyeumia bega. Alikuwa amemwekea mchanga wa moto begani, na jamaa amefumba macho kwa raha. Nikakaa, nikanyoosha mguu wangu, nikangoja mchanga wangu.

"Wewe unafanya kazi gani?" Fundi akaniuliza.

"Mimi ni mkamuaji."

"Unakamua ukikaa, ukisimama, ama ukichuchumaa?"

"Nachuchumaa."

"Ndoo unaweka chini ama unashika na magoti?"

"Na magoti."

"Nyumba yako mlango ni ya kuinama? Unalala kwa kitanda ama kwa ngozi? Mtoni kuko na mteremko? Na bibi yako, mnaongea vizuri ama ukikasirika anakuogopa?"

Hapo uvumilivu ukaniisha. Nikamuuliza kama anataka kunikanda mguu au anataka kumwoa dada yangu. Mtu wa reli aliangua kicheko hadi mchanga ukamwanguka. Fundi alicheka pia, akauokota, akauweka tena begani kwa mwenzangu, akaniambia nirudi kesho. Siku hiyo hakuugusa mguu wangu hata kidogo.

Kesho yake nilifika nikiwa nimejaa kama puto. "Huyu unampa mchanga, mimi unanipa maswali," nikamwambia. "Kwani mimi si mgonjwa?"

"Bega yake inataka joto," akasema polepole. "Goti yako inataka kitu ingine. Na hata kama nyinyi wawili mngeumia goti, yeye anarudi kupanda injini, wewe unarudi chini ya ng'ombe. Dawa haiwezi kuwa moja."

Sikuelewa, na sikutaka kuelewa. Akanikalisha kwenye benchi, akaweka chupa tupu sakafuni chini ya wayo wangu. Kazi yangu ilikuwa kuibingirisha chupa mbele na nyuma, kuivuta hadi goti liseme basi, kisha kuiachia. Mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni. "Hii ni kazi ya wiki moja," akasema. "Mimi nasafiri na daktari kidogo. Nikirudi tutaona."

Nisikilizeni jinsi nilivyofanya, mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Kazi ya wiki moja. Ishirini na ishirini, mara siku saba. Mimi, hodari wa kumaliza kipimo mapema, nilichukua punje za mahindi, nikazipanga kwenye dirisha la wodi hadi zikatimia zote, nikaanza kubingirisha. Kila mzunguko, punje moja naitupa nje. Goti liliuma, nikajikaza kisabuni. Wenzangu wodini walinishangilia. Siku ya pili, kabla jua halijawa kali, punje ya mwisho ilitoka dirishani, na kuku wa mpishi akaila. Nikajilaza kitandani nikiwa na furaha ya mtu anayeona njia ya kwao.

Jioni goti lilikuwa limevimba kama boga. Fundi aliporudi nilikuwa nimelala nalo hivyo, siwezi hata kwenda chooni bila kushikwa, lakini bado nina kiburi.

"Nimemaliza kipimo," nikamwambia. "Nipe ingine, ama nipe ruhusa niende nyumbani."

Hakunicheka, wala hakunigombeza. Alikaa chini sakafuni kando ya kitanda changu, akalitazama goti kwa muda.

"Ile ng'ombe nzuri ya mzungu wako," akaanza, "inatoa maziwa kiasi gani asubuhi?"

"Ndoo moja na zaidi."

"Na jioni?"

"Chini ya hiyo."

"Sasa wewe ni mkamuaji hodari. Leo kamua maziwa yake ya mwezi mzima, yote, halafu upumzike mpaka mwezi uishe."

"Huo ni upuzi," nikasema. "Atatoka damu. Na kesho hatakuwa na..."

Nilitazama goti langu, nikaona aibu mpaka masikioni. Alikwenda akaleta maji baridi na kitambaa, akalifunga goti, na kwa siku tano hakuniruhusu kufanya lolote isipokuwa kusogeza vidole.

Katika siku hizo tano alinifundisha mguu. Aliniletea goti la ng'ombe kutoka kwa mchinjaji, akanipa kisu, akasema nimweleze yeye. Mimi nimechinja tangu ujanani. Nilimwonyesha mfupa wa juu unavyokaa juu ya wa chini, zile nyama nyeupe zinazoshikilia, yale maji mazito ya kulainisha. Yeye akaniuliza tu: hizi nyama zikikaa wiki nyingi bila kusogea zinakuwaje? Nikasema zinakauka na kushikana, kama ngozi isiyosuguliwa mafuta. Na ngozi iliyokauka unailainisha vipi? Unaisugua kidogo kidogo, kila siku, ukiivuta kwa nguvu inapasuka. Akatikisa kichwa kukubali, akachukua lile goti akampelekea mpishi. Toka siku hiyo nilibingirisha chupa ishirini asubuhi na ishirini jioni, sikuongeza hata moja, kwa sababu sasa nilijua ninafanya nini.

Mke wangu alikuja kuniona akiwa na mtoto mgongoni na kibuyu cha maziwa. Aliniambia habari za mahindi na za jirani. Kisha Fundi akamwomba watoke barazani. Nikawaona kupitia dirishani: anamwonyesha namna ya kunifunga kitambaa cha moto, namna ya kunishika nikisimama ili asinivute, halafu wakakaa kwenye ngazi wakaongea, wakaongea. Mimi niko ndani nimenuna.

"Mlikuwa mnasema nini?" nikamuuliza aliporudi.

"Ameniuliza mambo ya nyumbani."

"Mambo gani?"

Akamweka mtoto vizuri mgongoni kabla ya kunijibu. "Baba watoto, usikasirike. Nimeanza kufunga vitu."

Alikuwa ameshafunga ngozi, vyungu na majembe kwa kamba, akaviweka kando ya mlango. Aliwahi kuona familia nyingine ikiambiwa ihame na kutoka siku hiyohiyo, na vyungu vyao vikavunjika njiani kwa haraka. Hakutaka yatupate hayo. Nilipandwa na hasira, nikamwambia maneno mabaya, nikamuuliza kama tayari amenizika. Aliniacha nimalize.

"Ukipona nitafungua," akasema, akaenda kushika treni.

Nililala kifudifudi siku ile nzima. Ukweli ni kwamba yeye alikuwa na busara, na mimi nilikuwa na hofu.

Wiki zikaenda. Chupa ikaachwa, nikapewa kamba. Nilishika kamba ya darini, nikajishusha kidogo, nikajiinua. Kila siku Fundi aliweka alama ya mkaa ukutani mahali matako yangu yalipofika, na watu walikuja kuiangalia alama hiyo. Wagonjwa waliokuja kutoka mashambani walisema ngano imeanza kuwa ya manjano. Halafu wakasema mashine zimetolewa vibandani. Nami nikashuka, alama kwa alama, hadi nikachuchumaa kweli, nimeshika kamba kwa mkono mmoja.

Siku hiyo Fundi aliniletea ndoo. Nilipoishika tu kati ya magoti, goti la kulia likakaza. Sikulikaza mimi. Lilikaza lenyewe, nikadondoka kwa makalio. Tukajaribu tena, ikawa vilevile. Bila ndoo nashuka, nikiwa na ndoo sishuki. Fundi alijikuna kidevu.

"Kesho tutembee," akasema.

Nyuma ya duka moja la Mhindi mjini kulikuwa na ng'ombe mweusi, mzee, mpole, aliyefungwa kando ya magunia. Fundi alikuwa ameomba ruhusa kwa mwenye duka. Nilitembea hadi huko na fimbo, nikajiambia huyu ni kama nyanya yangu, nitamkamua hata nikilala. Nikachuchumaa. Ng'ombe akapunga mkia tu kufukuza nzi. Jasho likanitoka, mguu ukawa gogo, nikaanguka kwenye samadi.

Fundi hakuja kuniinua. Alikaa kwenye gunia karibu yangu.

"Asubuhi ile," akaniuliza, "wewe uliamka namna gani?"

Hilo swali hakuna aliyewahi kuniuliza. Daktari aliuliza mfupa, mwenye shamba aliuliza ngano, na mke wangu alikuwa ameshazoea kutouliza. Nikakaa pale kwenye samadi nikamwambia.

Asubuhi ile nyapara alinitukana mbele ya watu kwa kuchelewa. Niliingia bandani na hasira zangu. Ng'ombe mwekundu alikuwa na kidonda kwenye chuchu, na mimi nilikijua. Nilipomshika aliinua mguu kidogo, kunionya. Nami nikachukua ndoo nikampiga nayo kwenye nyonga, kwa nguvu. Kisha nikachuchumaa, nikaegemeza paji langu ubavuni mwake kana kwamba sijafanya kitu. Nilimjua tangu alipokuwa ndama. Mimi ndiye niliyemfundisha kunywa maziwa kwa vidole vyangu. Kwetu mtu hampigi ng'ombe anayemkamua, na aliyefanya hivyo hasemi. Sikusema. Nilisema ana wazimu.

"Wazimu ulikuwa wangu," nikamwambia Fundi, nikalia, mwanamume mzima, nyuma ya duka la watu.

Nilipomaliza akasema, "Sasa nimejua. Mimi nilifikiri ni goti tu. Wewe ukienda chini ya ng'ombe unangojea teke ya pili, kwa sababu unaona ni haki yako."

"Ni haki yangu."

"Labda. Lakini umeshapata ya kwanza, inatosha. Leo tusikamue. Leo mkune tu."

Kwa hiyo nilimkuna ng'ombe wa Mhindi. Siku ya kwanza shingoni na mgongoni. Siku ya pili kwenye nyonga, pale pale, na nikaanza kumpigia mluzi ule tunaowapigia ng'ombe ili washushe maziwa. Siku ya tatu nikachuchumaa bila ndoo, mkono ubavuni. Siku ya tano ndoo ilikuwa katikati ya magoti yangu na maziwa yakalia ndani yake. Nilisikia mlio ule nikasahau kwamba nina mguu. Mwenye duka alitoka na kalamu sikioni, akachungulia ndoo.

"Wewe kuja kila siku!" akasema. "Mimi hapana weza pata maziwa kama hii."

Kulikuwa bado na shida moja. Goti halikukunja mpaka mwisho kama la zamani, kwa hiyo kisigino cha kulia kilining'inia hewani, nikawa nayumba. Fundi alinitazama kutoka mbele, kutoka nyuma na kutoka kando, akalala hata chini kutazama. Halafu akachonga kibao cha mti wa muwati, unene wa vidole viwili, mteremko kidogo upande wa mbele, akanipimia kama fundi viatu. Nilipokikanyaga kwa kisigino nilikaa imara. Akanifundisha pia kuinuka: mkono wa kulia kwenye paja, uzito kwenye mguu wa kushoto, usivute ndoo, acha mguu mzuri ukubebe.

"Hii kibao usimpe mtu," akaniambia. "Imekatwa kwa mguu yako. Mtu mwingine itamwangusha."

Nilitoka hospitalini ngano ya mwisho ikiwa inapakiwa kwenye magunia. Niliaga kwa haraka, nimemshika Fundi mkono mmoja tu, mawazo yangu yote yako Ainabkoi. Hilo najuta mpaka leo. Nilishuka treni, nikaenda moja kwa moja bandani bila kupita nyumbani, nikafika saa tisa, wakati wa kukamua mara ya pili. Mwenye shamba alikuwa amesimama mlangoni na saa yake ya mfukoni. Nyapara alikuwa nyuma yake.

"Chagua ng'ombe," akasema mwenye shamba.

Wenzangu walinionyesha kwa macho yule wa mwisho kulia, mpole, asiyemdhuru mtu. Nami nilimwona ng'ombe mwekundu. Alikuwa amesimama mahali pake, na kidonda chake kilikuwa kimepona zamani. Nilijua nikimkwepa leo nitamkwepa kila siku, na goti litajua. Nikamwelekea. Nilisikia nyapara akiguna.

Nilimkuna shingoni, nikashuka mgongoni, nikafika kwenye nyonga. Nikauacha mkono hapo. Nikamwambia kwa lugha yetu, polepole, asisikie mtu, kwamba nilikosa. Kisha nikaweka kibao, nikakanyaga, nikashuka, nikashika ndoo, nikaegemeza paji la uso ubavuni mwake. Akainua mguu.

Nilikaa. Sikukaza wala sikukimbia. Nikapiga mluzi. Mguu ule ulikuwa hewani kwa muda ambao mimi nitaukumbuka hadi kaburini, kisha akaushusha, akaanza kucheua. Nikakamua. Ndoo ikajaa povu. Niliweka mkono wa kulia kwenye paja, uzito kushoto, nikainuka nimeshika ndoo na sikumwaga hata tone.

Mwenye shamba alitazama ndoo, akatazama kibao, akafunga saa yake.

"Kesho saa kumi usiku," akasema, akaenda zake.

Nilitembea nyumbani na fimbo yangu. Mke wangu alikuwa ameketi nje karibu na mizigo, kila kitu kimefungwa kamba, hata kigoda amekifunga, na yeye ameketi chini. Alitazama suruali yangu, akaona povu la maziwa kwenye magoti, akainuka akaanza kufungua. Alifungua ngozi, akafungua vyungu, kimoja kimoja, bila haraka. Mafundo yalikuwa yamekaza, mengine aliyafungua kwa meno. Nilitaka kumsaidia, akaniambia nikae, mguu upumzike, ndivyo alivyofundishwa.

Nikaingia ndani. Nyumba ilikuwa tupu, kuta tu. Lakini kwenye kigingi chake karibu na jiko kilikuwa kimetundikwa kibuyu cha maziwa, kimesafishwa kwa mkaa, mdomo wake umefunikwa. Nikamwita.

"Hiki mbona hukukifunga?"

"Yule Fundi alinikataza," akanijibu kutoka nje, kamba bado iko mdomoni. "Siku ile pale kwenye ngazi. Aliniambia nifunge vyote kama naogopa, lakini hicho nikiache. Alisema utataka mahali pa kuweka maziwa."

Siku ile ya ngazi Fundi hakuwa ameona goti langu likikunja hata nusu. Nilisimama mbele ya kigingi kile, na mke wangu, alipoingia na mzigo wa kwanza, alinikuta nalia, akanipita akatandika ngozi.